Kilicho Kwenye Kamba

27 Novemba
Nimeanza kuandika tena. Msimu uliopita niliacha katikati ya Januari kwa uchovu. Kazi ni ileile. Leo tumetoa stoo suti za kuzamia za kukodisha, zinanuka panya na mikojo ya msimu uliopita. Kila moja nimeipindua ndani nje, nikaichovya kwenye pipa la dawa, kisha kwenye pipa la maji safi, nikaianika kwenye kamba nyuma ya duka. Watu hukojoa ndani ya suti. Wote, wenye magari makubwa na wenye madogo. Bahari ya huku ina baridi na mkojo una joto, basi. Fungai, Mzimbabwe anayejaza mitungi ya hewa, anasema mimi ndiye mtu pekee hapa Simon's Town, nje kidogo ya Cape Town, anayewajua matajiri kwa harufu.

28 Novemba
Upepo. Hakuna boti.

1 Desemba
Bosi Deon amenifuata kwenye mapipa na vikombe viwili vya kahawa, kimoja chake na kimoja changu, chenye vijiko viwili vya sukari bila kuniuliza. Sijawahi kuona mwenye duka akimbebea mfuaji kahawa. Akasema Jakes, mtu wake wa botini, anahamia Durban mwisho wa Januari, na nafasi yake angependa niichukue mimi, kwa kuwa nimekulia ziwani na maji siyaogopi. Nitazamia naye mara mbili tatu msimu huu anione. Sharti ni moja: niwe na suti yangu mwenyewe. Za duka ni za wateja, na mfanyakazi haruhusiwi kuzivaa.

Naandika hapa maana ya jambo hili, nisije nikasahau kwa nini nilifurahi. Mtu wa mapipa ana kazi kuanzia Novemba hadi Machi. Baridi ikiingia wageni wa likizo hurudi kwao, na wanaobaki kuzamia ni wenyeji, ambao kila mmoja ana suti yake na anaifua kwake. Hakuna wa kukodi, hakuna wa kufuliwa. Mtu wa boti hufanya kazi mwaka mzima. Mimi kila Aprili narudi nyumbani Malawi, Nkhata Bay, na begi jepesi na maelezo marefu. Safari iliyopita mke wangu Lusungu alinipokea kwa heshima zote, akanipikia samaki na nsima, ugali wa kwetu, nilipokwisha kula akaniuliza kwa upole kama huko nilikokuwa kuna kazi kweli.

Jioni nilimweleza Fungai.

"Suti utainunua wapi?" akauliza.

"Si hapahapa dukani."

"Kwa huyohuyo anayekulipa."

"Ndiyo."

"Basi mshahara wako utatoka mlango wa mbele na kurudi mlango wa nyuma, bila hata kuvaa viatu."

Nadhani ni wivu. Amekaa na ile kompresa ya kujazia hewa miaka mingi na sijamwona mtu akimpelekea kahawa.

9 Desemba
Mteja mpya, Daktari Lategan, daktari wa meno kutoka Pretoria. Amepanga nyumba kilimani kwa likizo na anataka kuzamia mara nne au tano kabla ya kurudi. Swali lake ni kama anunue suti au akodi. Kuna suti moja mpya imesimama dirishani tangu Septemba, nyeusi, nzito, kola ya kijivu. Haijauzwa kwa sababu ni ya mtu mrefu mwembamba, na wateja wetu wengi ni wafupi wenye matumbo. Daktari ni mrefu mwembamba. Hata mimi.

Nilimvisha mfuko wa plastiki mguuni ili mpira uteleze, nikavuta, akavuta, tukahema wote wawili. Nilipompandishia zipu ya mgongoni nilijisikia kama naifunga kwenye mgongo wangu. Akajitazama kwenye kioo, mbele na kwa ubavu. Akasema atafikiria.

10 Desemba
Daktari amekuja tena. Akavaa, akavua. Anafikiria.

12 Desemba
Daktari tena. Amemleta na bintiye aione. Binti akasema, "Baba, ukodi au ununue, lakini tuondoke." Bado anafikiria.

13 Desemba
Upepo wa kusini-mashariki siku nzima. Maji ya upande wetu yamekuwa kama chai ya maziwa. Daktari alikuja hata hivyo.

15 Desemba
Leo nimefanya jambo na sijui niliite nini.

Daktari alikuwa chumba cha kujaribia, suti imemfika kiunoni. Akachungulia nje kama Madam Rykie anasikia. Madam ni mke wa bosi, ndiye mwenye kaunta. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Rafiki yangu, wewe unazishika kila siku. Ungekuwa mimi, ungenunua au ungekodi?"

Nikamuuliza kama kwao Pretoria atazamia.

"Pretoria hakuna bahari," akasema.

"Basi kodi, Daktari. Ukiinunua itakaa kabatini ikauke, ipasuke kwenye magoti. Kodi, uvae, uturudishie, sisi tutafua."

Alishusha pumzi kama mtu aliyeambiwa jino halina haja ya kung'olewa. Nilichomwambia kilikuwa kweli. Lakini sikusema kwa ajili ya ukweli peke yake. Nilitaka ile suti ibaki dirishani.

Madam alipoona Daktari anaondoka mikono mitupu alikuja kunihoji, nami sikudanganya. Akamwita mumewe. Nilijiandaa kufukuzwa. Bosi Deon akacheka, akanipiga begani. "Wewe ndiye umeua biashara, Wonga, basi uinunue wewe. Si uliitaka?" Jina langu ni Wongani, lakini hapo sikujali. Akasema watanikata kidogokidogo kwenye mshahara hadi mwisho wa msimu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

16 Desemba
Baada ya kazi nilikwenda kwenye bwawa la mawe, pale bahari inapoingia kwa juu ya ukuta maji yakijaa. Nikavaa, nikazama. Maji yalipenya shingoni yakiwa na baridi ya kuuma meno, kisha mwili ukayapasha moto, yakatulia kati yangu na mpira. Nyumbani tunaingia ziwani na kaptula. Hapa nimekuwa nikiitazama bahari miaka hii yote kama mtu anayetazama nyama kwenye kioo cha bucha. Leo nilikaa chini mpaka masikio yakauma. Nilipotoka nilikuwa nacheka peke yangu. Mama mmoja akavuta mbwa wake karibu.

17 Desemba
Nimeifua suti yangu na kuianika kwenye kamba ya duka. Ninakolala, mtaa wa Masi, nina chumba cha mabati uani kwa watu, na nguo yoyote ikilala nje hailali mara ya pili. Fungai aliiona.

"Ipeleke kwako."

"Itaibiwa."

"Bora iibiwe na mtu usiyemjua," akasema, akarudi kwenye kompresa yake. Wivu, nimesema.

25 Desemba
Nimezungumza na Lusungu. Nilimwambia kuhusu boti. Kisha nikamsikia anamwambia jirani aliye karibu naye, kwa sauti ya kujizuia, kwamba baba Tumpe, yaani mimi, sasa atakuwa wa botini.

28 Desemba
Wateja kama nzi. Nimefua tangu alfajiri. Viganja vimevimba kwa dawa.

30 Desemba
Bosi amesema, "Tarehe mbili, boti ya asubuhi, mimi na wewe. Nitakuonyesha msitu wa mwani." Nimepaka zipu nta.

2 Januari
Siku ya pili ya mwaka watu wa Cape hawafanyi kazi. Wanatembea, wanapiga ngoma, wanaimba. Wageni ndio huja kwetu, na leo wamekuja wote. Mpaka saa tatu asubuhi kaunta ilikuwa haina hata soksi ya kukodisha.

Mimi nilikuwa napakia mitungi kwenye tela. Nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo na sikula, kwa sababu bosi aliniambia nisile sana. Nilipomaliza nilikwenda kwenye kamba kuchukua suti yangu. Kamba ilikuwa tupu. Nilifikiri kwanza ni wezi. Nikakimbia mbele kumwambia bosi, nikamkuta Daktari Lategan amesimama kando ya boti, kola ya kijivu shingoni, anasubiri mtu wa kumfunga zipu.

Nilimtafuta Madam kaunta. Nikamwambia kwa utulivu kwamba suti aliyopewa Daktari ni yangu.

"Najua ni yako, Wonga. Lakini ilikuwa kwenye kamba."

"Nimeianika tu, Madam."

"Kilicho kwenye kamba ni cha kukodi. Wewe mwenyewe ndiye unayewaambia wasichana wa kukodisha hivyo kila siku."

Ni kweli. Nawaambia. Husimama kwenye mapipa nikapaza sauti: kilicho kwenye kamba ni cha kukodi, kilicho kwenye pipa bado. Ndiyo sheria ya uani, na mimi ndiye mwenye uani.

Bosi Deon akaja kati yetu. Akasema hakuna suti nyingine ya mtu mrefu, na mteja ameshalipa. "Ni leo tu. Wewe uko nasi, bahari haihami." Kisha akanyoosha kidole kuelekea kwa Daktari, kwa maana nikamfunge zipu.

Nilimfunga. Daktari akageuka, akafurahi kuniona. "Ulinishauri vizuri, rafiki yangu. Kununua kungekuwa ujinga."

Boti ikaondoka. Nafasi yangu ilibaki wazi, hata hawakumpa mtu mwingine. Nilirudi kwenye mapipa. Waliporudi, Daktari alinipa suti mkononi ikiwa na joto lake, akasema msitu wa mwani ni kama kanisa. Goti la kushoto lilikuwa limechanika kwenye mwamba. Nikaipindua ndani nje. Nimefua mikojo ya watu wengi katika maisha yangu. Hii ni ya kwanza niliyoilipia.

3 Januari
Upepo.

4 Januari
Upepo.

5 Januari
Daktari ameikodi tena. Safari hii aliitaja kwa kola.

7 Januari
Madam amesema suti yoyote inayotoka lazima iwe na namba kifuani, mtu wa bima anataka hivyo. Nilimwambia ya kwangu haitatoka tena. Akasema imeshatoka mara mbili, na ikitoka bila namba mteja akipata ajali atashtakiwa nani. Mwandishi wa namba ni mimi, kwa kuwa mkono wangu hautetemeki. Akasimama pembeni na kikopo cha rangi nyeupe. Nikaandika 41. Nilijitahidi isipinde.

9 Januari
Nimemuuliza bosi kama pesa ya kuikodisha itapunguzwa kwenye ninachokatwa. Akasema tutaangalia mwisho wa msimu, mimi na yeye hatuwezi kugombana kwa ajili ya kipande cha mpira.

11 Januari
Daktari amerudi Pretoria. Alikuja kuniaga. Aliniita rafiki yangu, kisha akaniuliza naitwa nani.

14 Januari
Sasa suti naichukua jioni na kulala nayo Masi. Asubuhi ya leo Madam aliniuliza arobaini na moja iko wapi, kwa kuwa imeandikishiwa mteja.

15 Januari
Nimeirudisha kwenye kamba. Ningefanyaje?

19 Januari
Boti ilikuwa na nafasi. Suti haikuwepo.

22 Januari
Suti ilikuwepo. Boti ilijaa.

24 Januari
Vyote vilikuwepo. Upepo.

31 Januari
Jakes ameondoka leo. Walimchomea nyama uani. Bosi akasimama na bia mkononi, akamkaribisha mtu mpya wa boti, Ruan, mtoto wa dada yake Madam, kijana wa miaka ishirini na ushee kutoka Bloemfontein. Ana cheti. Ana suti, nyekundu begani. Kila mtu alipiga makofi, hata mimi, kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza.

Nilingoja watu wapungue nikamfuata bosi. Hakukimbia, hilo nampa.

"Hukuwa tayari, Wonga," akasema. "Ungekuwa umezamia nami hata mara moja, ningekuwa na la kumwambia Rykie."

"Suti yangu ilikuwa imekodiwa, bosi."

"Ndiyo maana nasema hukuwa tayari."

Akaniwekea soseji kwenye sahani. Hakuonekana mtu mbaya. Nilimtazama vizuri nikitafuta ubaya usoni mwake ili nimchukie kwa urahisi, sikuuona. Alikuwa amechoka tu, na ana deni la boti, na shemeji yake anampigia simu kila siku. Mimi simpigii simu.

1 Februari
Nilitegemea Fungai anicheke. Nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu. Alinikuta chumba cha kompresa nashona goti la ile suti kwa sindano mbovu. Akaninyang'anya, akachukua uzi wake na gundi yake, akaanza upya. Anashona vizuri kuliko mimi.

Baadaye akauliza, macho kwenye uzi, "Kahawa ilikuwa na sukari?"

"Vijiko viwili."

"Hata yangu."

Akanielekeza ukutani kwa kidevu. Nyuma ya vichujio, kwenye msumari, kuna jozi ya mapezi ya kuzamia, ya buluu, vumbi limelala juu yake. Nimeyaona mara nyingi. Siku zote nilidhani ni ya duka.

"Mimi niliambiwa mapezi," akasema.

8 Februari
41 imekodiwa na mtu mnene. Mishono ya kwapani imeachia.

16 Februari
Imekodiwa.

17 Februari
Imekodiwa. Nimekatwa.

26 Februari
Lusungu ameuliza kama botini kuna baridi. Nimemwambia kiasi.

5 Machi
Wageni wanapungua. Leo nimefua suti chache, nikakaa juu ya pipa lililopinduliwa, nikaangalia boti ikirudi. Ruan alikuwa mbele, ameshika kamba vibaya. Ni kijana mwenye adabu. Ananiita mzee. Nina miaka thelathini na minane.

20 Machi
Leo bahari ilikuwa imelala kabisa, na 41 ilikuwa kwenye kamba, haina mteja. Nilimaliza kazi mapema nikaichukua nikaenda nayo kwenye bwawa la mawe, nipate hata mara moja nyingine kabla ya kurudi nyumbani.

Mpira umekufa. Ule unene niliouona dirishani umekandamizwa na watu wote waliouvaa, na maji yanaingia kwapani na kutokea gotini. Nilitetemeka, lakini nilikaa. Nilimwona pweza chini ya jiwe, tukatazamana.

Nilipoinua kichwa nilimkuta mlinzi wa zile nyumba za juu amesimama ukutani, na nyuma yake yule mama wa mbwa. Mlinzi ni Mkongo, mgeni kama mimi, sare imempwaya. Akaniambia nitoke. Nikatoka. Akaangalia kifua changu, akauliza suti ya duka nimeipata wapi. Nikamwambia ni yangu, nimeinunua.

"Umenunua nguo yenye namba ya duka?"

"Namba niliiandika mimi."

Nilisikia mwenyewe jinsi jibu hilo lilivyosikika. Yule mama akasema aliniona pia Desemba. Mlinzi akapiga simu dukani, akaweka sauti kubwa ili mama asikie. Nikamsikia bosi Deon, na nyuma yake redio ya kaunta. Mlinzi akamweleza kuna Mwafrika hapa na suti yenye namba arobaini na moja, anadai ni yake.

Hapo palikuwa na neno moja tu la kusema. Nilisimama nikichuruzika maji, nikalingoja.

"Arobaini na moja?" bosi akasema. "Ndiyo, hiyo ni yetu. Huyo naye ni wetu, mwacheni. Mwambie airudishe kabla hatujafunga."

Mama akaridhika, akaondoka na mbwa wake. Mlinzi akanitazama kama mtu aliyeniokoa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Una bahati, ndugu yangu. Bosi wako anakupenda."

Niliirudisha kabla hawajafunga. Nikaifua, nikaianika.

28 Machi
Siku ya mwisho. Nimeziosha suti zote isipokuwa 41, nimezipaka poda, nimezipanga stoo kwa namba. Mshahara wa leo umekatwa kile kipande cha mwisho, kwa hiyo sasa imelipwa yote. Nilimkumbusha bosi kuhusu pesa za kuikodisha. Akasema vitabu vimeshafungwa, lakini hatasahau. Kisha akaniletea kahawa, sukari vijiko viwili, akasema Ruan hatadumu, anaona machoni mwake. "Novemba, Wonga. Novemba tunaanza na wewe." Niliipokea kahawa. Ilikuwa ya moto na mikono yangu ilikuwa na baridi, nikainywa yote.

Suti sikumwomba. Nilimwona Madam mlangoni na orodha ya stoo, nikajua nikiiomba tutaanza kujadiliana iko kwenye kamba au haiko. Fungai akaiweka ndani ya begi lake, chini ya vichujio vichafu ambavyo hakuna anayetaka kuvigusa, akatoka nayo getini anapiga mluzi.

29 Machi
Naandika stendi ya mabasi, Cape Town. Fungai amenisindikiza, kitu ambacho hakuwa na haja ya kukifanya. Tumeikunja 41 ndani ya blanketi ninalompelekea Lusungu. Inanuka mteja wa mwisho, kwa sababu ndiyo suti pekee ambayo jana sikuifua. Nyumbani ziwa lina joto, hakuna atakayeihitaji. Labda tutaikata iwe tandiko la baiskeli.

Fungai akauliza, "Mpakani wakifungua begi, wakauliza umeinunua au umeiba, utasemaje?"

"Nitawaambia nimeikodi," nikasema. "Nairudisha Novemba."

Hakucheka. Alinisaidia kufunga zipu ya begi, akaiangalia kama imeshika.